Kununua nyumba ugenini: njia saba, kuanzia ya kutulia hadi ya kukimbia

Anayenunua nyumba kwao huuliza ataishije humo. Anayenunua ugenini aanze na swali la upande wa pili: siku ya kuondoka nitatokaje? Mkataba wa kazi hukatika, viza hukataliwa kuongezwa, mzazi huugua, watoto humaliza shule wakataka chuo cha nchi nyingine. Siku hiyo nyumba inatakiwa iuzike, hela ivuke mpaka, na pasiwe na karatasi ya kukushika shati. Njia saba zilizo hapa chini nimezipanga kwa kipimo hicho kimoja, yaani wepesi wa kutoka. Uzuri wa jiko na mandhari ya bahari nimeviacha kwa madalali, ambao wanavijua vizuri zaidi.

Kupanga sijakuhesabu kwa kuwa si kununua, ila ndiko ningemwanzishia kila mtu. Kaa mwaka mzima kwenye nyumba ya kupanga, upite majira yote. Utajua mtaa upi unafurika maji, barabara ipi ina pikipiki usiku kucha, na hospitali iko mbali kiasi gani mtoto akipandwa na homa saa nane za usiku. Halafu fanya hesabu ya kuingia na kutoka. Ufaransa, mnunuzi wa nyumba ya zamani hulipa kiasi cha asilimia 7 hadi 8 juu ya bei, fungu kubwa likiwa ni kodi zinazokusanywa na notaire, mwanasheria rasmi anayesimamia mauzo. Hispania, ukijumlisha kodi ya uhamisho (kila jimbo lina kiwango chake), wakili, notari na usajili, mara nyingi unakaribia asilimia 10 au unaivuka. Ongeza ada ya dalali siku ya kuuza. Maana yake nyumba ipande bei zaidi ya kumi kwa mia ndipo urudishe tu ulichotoa. Kama huna hakika ya kukaa miaka mitano, endelea kupanga.

Kwanza, unaruhusiwa?

Watu hupenda nyumba kwanza, sheria wakaisoma baadaye. Kanada imewazuia wageni wengi wasio wakazi wa kudumu kununua nyumba za kuishi mijini tangu 1 Januari 2023, na marufuku hiyo ikarefushwa hadi 1 Januari 2027, ingawa baadhi ya wenye vibali vya kazi wameruhusiwa. Australia ilifuata tarehe 1 Aprili 2025 kwa kuwazuia wageni kununua nyumba zilizokwisha jengwa. Nyumba mpya bado zinaombewa kibali. New Zealand ilitunga sheria yake 2018, ikawaacha nje ya zuio Waaustralia na Wasingapori. Denmark, asiye mkazi ambaye hajawahi kuishi nchini kwa jumla ya miaka 5 lazima aombe kibali. Uswisi ina sheria iitwayo Lex Koller, ya 1983, inayombana mgeni asiyeishi nchini. Singapore haikufungii mlango, inakutoza pale mlangoni: tangu 27 Aprili 2023 mgeni hulipa ushuru wa ziada wa stempu wa asilimia 60 ya bei, isipokuwa raia wa nchi chache zenye mkataba wa biashara nayo.

Kuna pia nchi zinazotenganisha ardhi na jengo. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 65, inampa asiye raia umiliki wa ardhi kwa pangisho lisilozidi miaka 99. Ghana ni miaka 50. Thailand na Ufilipino, ardhi haimilikiwi na mgeni wa kawaida, ila fleti inawezekana kwa masharti. Japani, kwa upande mwingine, haimuulizi mnunuzi pasipoti yake ni ya wapi ili kumkubalia au kumkatalia.

Jibu la swali hili lichukue kwa wakili unayemlipa wewe. Dalali ukimuuliza kama mgeni anaruhusiwa kununua, jibu lake ni ndiyo, halafu anakuuliza utakuja lini kuiona.

1. Nyumba iliyokwisha kaliwa, yenye hati ya kudumu, katika mji unaoishi

Nafasi ya kwanza naipa hii, na sababu yake haina mbwembwe. Nyumba unaiona, majirani unawaona, bei za zinazofanana nayo zimeshaandikwa, na mnunuzi wako wa kesho anaweza kuwa mwenyeji. Hilo la mwisho lina uzito. Nyumba ambayo wenyeji wanaitaka ina soko hata wageni wote wakiondoka. Mtaa wa wageni watupu hudorora siku sarafu yao inaposhuka, au siku serikali inapobadili kodi, na wote huweka matangazo ya kuuza wiki moja.

Tuchukue Hispania, wanakonunua wageni wengi. Karatasi ya kwanza ya kuomba ni nota simple, dondoo ya daftari la mali inayopatikana kwa ada ndogo. Isome mstari kwa mstari. Juu pana maelezo ya mali: mita za mraba, ghorofa, mipaka. Umeonyeshwa vyumba vinne na bwawa la kuogelea, karatasi inasema vyumba viwili na shamba la mizeituni? Basi kuna ujenzi ambao haukusajiliwa, na huenda haukuwa na kibali. Katikati pana jina la mwenye mali. Lilinganishe na kitambulisho cha anayekuuzia, na majina yakiwa mawili, saini ziwe mbili. Chini pana mizigo iliyo juu ya mali: rehani ya benki, zuio la mahakama, au haki ya mtu kuitumia nyumba maisha yake yote. Hii ya mwisho wageni huiruka kwa sababu hawaifahamu. Bibi mzee anaweza kuwa na haki ya kuishi humo hadi kufa, na wewe mwenye hati usiwe na la kumfanya.

Kisha omba cheti cha madeni kutoka chama cha wamiliki wa jengo. Sheria ya Hispania inaifanya fleti yenyewe ibebe ada za jengo ambazo hazikulipwa za mwaka unaoendelea na za miaka mitatu iliyotangulia, hata kama aliyeziacha ni muuzaji. Omba na mihtasari ya mikutano. Ufaransa huhitaji hata kubembeleza: muuzaji wa fleti anatakiwa kisheria kumpa mnunuzi mihtasari ya mikutano ya wamiliki ya miaka mitatu ya mwisho. Humo ndimo utaikuta lifti inayosubiri kubadilishwa, paa lililojadiliwa kila mwaka bila uamuzi, na kesi dhidi ya mkandarasi. Ukienda kuangalia nyumba, simama pia kwenye ubao wa matangazo pale chini ukumbini. Matangazo matatu ya maji kukatika kwa mwezi mmoja yanakutosha.

Hati safi haina maana kwamba jengo ni halali, na hapa ndipo wengi walipoumia. Januari 2008, huko Vera katika jimbo la Almería, nyumba ya wastaafu wawili Waingereza ilibomolewa ingawa halmashauri ya mji ilikuwa imetoa kibali cha ujenzi. Serikali ya mkoa ilishakipinga kibali hicho mahakamani kwa kuwa ardhi haikuwa ya kujengwa. Kwa hiyo kibali cha halmashauri peke yake hakitoshi. Wakili aulize matumizi ya ardhi yaliyopangwa na mamlaka ya juu, na kwa nyumba za ufukweni aangalie sheria ya pwani ya 1988, inayoufanya ufukwe kuwa mali ya umma. Kuna nyumba za mstari wa mbele ambazo wenyewe wamebaki na haki ya kuzitumia kwa muda tu.

Kaskazini mwa Kupro kuna tatizo zito zaidi ya hilo. Ardhi nyingi huko ilikuwa ya Wakupro wa Kigiriki waliokimbia vita vya 1974, na 2009 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba hukumu ya mahakama za Kupro kuhusu ardhi hiyo inaweza kutekelezwa katika nchi nyingine za Umoja. Yaani mwenye ardhi wa asili anaweza kukufuata hadi kwenye mali zako za kwingine. Bei ya chini ya huko ina sababu.

Kuhusu malipo ya awali: Hispania ni desturi kutoa asilimia 10. Kwa mkataba wa aina ya arras penitenciales, ukijitoa unaipoteza, muuzaji akijitoa anakurudishia mara mbili. Usisaini kabla ya kuandikwa sharti kwamba benki ikikunyima mkopo fedha inarudi. Ufaransa mnunuzi wa nyumba ya kuishi ana siku 10 za kughairi bila kutoa sababu. Siku hizo mpe mkaguzi wa majengo.

2. Fleti ya mgao au ya pangisho la miaka mingi

Thailand inawaruhusu wageni kumiliki hadi asilimia 49 ya eneo la fleti zote ndani ya jengo la kondominiamu. Ufilipino kikomo ni asilimia 40. Vietnam ni asilimia 30 ya fleti za jengo, kwa miaka 50 inayoweza kuongezwa. Ni njia nzuri, kwa masharti mawili.

La kwanza ni mgao wenyewe. Fleti iliyo ndani ya mgao wa wageni unaweza kumuuzia mgeni au mwenyeji. Iliyo nje ya mgao ni ya mwenyeji tu, na bei yake mara nyingi huwa chini. Uongozi wa jengo hutoa barua inayoonyesha wageni wamefikia asilimia ngapi. Iombe kabla ya kutoa hata senti ya kushikia. La pili ni asili ya fedha. Thailand inataka pesa ya kununulia iingie kutoka nje kwa sarafu ya kigeni, na benki itoe karatasi ya kuthibitisha. Bila karatasi hiyo Ofisi ya Ardhi haiandikishi fleti kwa jina lako, na siku ya kuuza ndiyo itakayokurahisishia kuzitoa fedha nchini. Ihifadhi pamoja na hati. Ukibadilisha fedha kwenye duka la mtaani ili upate kiwango kizuri zaidi, umeokoa vijisenti na kupoteza haki.

Kwa pangisho, unachonunua ni miaka iliyobaki. Uingereza kuna fleti nyingi za namna hii, na mkataba ukishuka chini ya miaka 80 gharama ya kuurefusha imekuwa ikipanda ghafla, huku benki nazo zikianza kusitasita kumkopesha mnunuzi wako. Fleti yenye miaka 85 ukikaa humo miaka kumi imeshavuka mstari huo mikononi mwako. Angalia pia kodi ya ardhi, yaani ile anayolipwa mwenye kiwanja: mikataba mipya mingi iliyoanza baada ya 30 Juni 2022 haina kodi hiyo, ila ya zamani mingine ina kifungu cha kuiongeza mara mbili kila baada ya miaka kadhaa. Thailand, pangisho la nyumba ya kuishi husajiliwa kwa miaka 30 kwa wakati mmoja. Matangazo ya "30 jumlisha 30 jumlisha 30" ni ahadi ya mwenye ardhi wa leo. Akifa au akauza, ahadi ina mtetezi dhaifu. Lipa bei ya miaka 30.

3. Kumiliki kupitia benki au kampuni

Katiba ya Meksiko inamzuia mgeni kumiliki ardhi moja kwa moja ndani ya kilomita 50 kutoka pwani na 100 kutoka mpakani. Njia halali ni fideicomiso: benki inashika hati kwa niaba yako kwa miaka 50 inayoweza kuongezwa, nawe unabaki na haki ya kuishi, kupangisha, kuuza na kurithisha. Mfumo huu umezoeleka na unaandikwa kwenye daftari la umma, ndiyo maana nimeuweka huku juu. Gharama yake ni ada ya benki kila mwaka. Kuwa macho na ardhi ya ejido, yaani ya jumuiya ya wakulima, inayouzwa kwa maneno matamu ufukweni. Ardhi hiyo haiwekwi kwenye fideicomiso mpaka itolewe rasmi kwenye mikono ya jumuiya.

Kampuni ni habari nyingine. Kufungua kampuni kwa ajili ya nyumba moja ya kuishi kunaleta mhasibu, hesabu za kila mwaka na macho ya mamlaka ya kodi. Uingereza hutoza kodi ya kila mwaka kwa kampuni inayomiliki nyumba ya kuishi ya thamani inayozidi pauni 500,000. Labda kama unanunua nyumba kadhaa za kupangisha. Kwa kulala tu, hapana.

4. Nyumba ya kwenye ramani

Bei ya kuanzia ni ya chini, malipo ni ya awamu, na picha zina miti ambayo haijapandwa. Tatizo la kutoka ni kwamba hadi siku ya funguo huna nyumba, una ahadi ya mjenzi. Ukihamishwa kazi mwaka wa pili wa ujenzi unauza ahadi, ukishindana na mjenzi yuleyule ambaye bado ana fleti mia za kuuza na bajeti ya matangazo.

Dubai imejifunza kwa maumivu. Wageni waliruhusiwa kumiliki katika maeneo maalumu kwa sheria namba 7 ya 2006, na sheria namba 8 ya 2007 ikamtaka mjenzi aweke fedha za wanunuzi kwenye akaunti ya dhamana ya mradi husika. Hata hivyo msukosuko wa 2008 na 2009 uliacha miradi mingi imesimama au kufutwa. Leo, kabla ya kulipa, hakikisha mradi umesajiliwa na Idara ya Ardhi, namba ya akaunti ya dhamana ni ya mradi huo huo, na ununuzi wako umeandikwa kwenye usajili wa muda unaoitwa Oqood. Ada ya usajili ya asilimia 4 iingize kwenye hesabu.

Na ukitaka kuona mradi unapotegemea wanunuzi wa nchi moja, tazama Forest City, Johor, Malaysia. Kampuni ya Country Garden ya China ilikusudia mji wa watu wapatao 700,000, ikauza kwa nguvu kwa Wachina. China ikabana utoaji wa fedha nje, 2018 waziri mkuu wa Malaysia wa wakati huo, Mahathir Mohamad, akasema wageni hawatapewa viza za kuishi humo, na 2023 Country Garden yenyewe ikashindwa kulipa madeni yake ya dola. Majengo yapo, yamesimama. Wakazi ni wachache mno, na mwenye fleti humo anamuuzia nani?

Ukinunua kwenye ramani, nunua kwa mjenzi mwenye majengo yaliyokwisha kukaliwa, uyatembelee, uongee na wanaoishi humo. Malipo yafuate hatua za ujenzi. Kalenda peke yake isikutoe pesa. Kifungu cha fidia ya kuchelewa kiwe na tarakimu.

5. Nyumba kuukuu ya bei ya kutupa

Sensa ya makazi ya Japani ya 2023 ilihesabu nyumba tupu milioni 9, asilimia 13.8 ya nyumba zote nchini. Italia, miji kama Gangi na Mussomeli huko Sicily imeuza nyumba kwa euro 1. Habari hizi huzunguka mitandaoni kila mwaka, na si uongo.

Ila bei ya kununulia ndiyo sehemu ndogo kuliko zote. Nyumba ya euro moja huja na sharti la kukarabati ndani ya muda, kwa kawaida miaka mitatu, na amana ya maelfu ya euro inayopotea ukichelewa. Unasimamia mafundi kwa lugha usiyoijua, ukiwa huna makazi humo. Japani, uliza nyumba ilipata kibali lini: kanuni mpya za kuhimili tetemeko zilianza Juni 1981, na ya kabla ya hapo huenda ikahitaji kuimarishwa kwa gharama kubwa. Kumbuka pia kwamba kununua huko hakukupi ruhusa ya kuishi. Zaidi ya yote, nyumba ilikuwa ya bei ya kutupa kwa sababu kijiji kimekimbiwa. Ukimaliza ukarabati kijiji bado kimekimbiwa. Kwa anayependa ufundi na ana miaka ya kutosha, ni raha ya kweli. Kwa anayefikiria kuuza, mlango wa kutokea ni mwembamba.

6. Nyumba ya kutafutia viza

Serikali iliyoweka mpango wa viza kwa wanunuzi inaweza kuuondoa, na zimeuondoa. Kupro ilifuta mpango wake wa uraia 2020. Ureno iliondoa nyumba kwenye viza ya dhahabu, yaani kibali cha kuishi kwa wawekezaji, Oktoba 2023. Hispania ikafunga yake tarehe 3 Aprili 2025. Ugiriki haikufunga, ila kiwango kilichoanza kwa euro 250,000 kikapandishwa 2024 hadi 800,000 kwa Athens, Thessaloniki na visiwa vikubwa. Uturuki, uraia kwa kununua mali ulipandishwa 2022 kutoka dola 250,000 hadi 400,000, na mali haiuzwi kwa miaka 3.

Wajenzi wanavijua viwango hivi kuliko wewe. Ndiyo sababu utakuta fleti ya thamani ya chini ikitangazwa kwa bei inayogota palepale kwenye kiwango cha viza. Siku ya kuuza, mpango ukiwa umefutwa, hakuna atakayelipa tofauti ile. Kipimo changu: iondoe viza kwenye mazungumzo, uone kama bado ungeitaka nyumba hiyo kwa bei hiyo. Huitaki? Basi tafuta kibali kwa kazi, masomo au pensheni.

7. Kuandikisha kwa jina la mtu mwingine

Mchumba, rafiki, dereva, mtunza bustani. Wanaofanya hivi huandikiana mkataba wa pembeni: nyumba ni yangu, jina ni lako. Indonesia, sheria ya msingi ya ardhi ya 1960 imelijibu hili bila huruma katika ibara ya 26: uhamisho wa umiliki kamili kwa mgeni, hata wa kuzungukia, ni batili, ardhi inakuwa ya serikali, na fedha uliyolipa huwezi kuidai. Soma tena hicho kipande cha mwisho. Yaani mkataba wako wa pembeni, ukiupeleka mahakamani, ndio ushahidi dhidi yako. Na Indonesia hiyohiyo ina njia halali kwa mgeni mwenye kibali cha kuishi, Hak Pakai (haki ya kutumia), inayoweza kufika miaka 80 ukijumlisha nyongeza zake.

Thailand nako kusajili ardhi kwa jina la kuazima ni kosa la jinai. Dalali akikwambia "hapa wote tunafanya hivi", badilisha dalali.

Hela, kodi na wosia

Usikope kwa sarafu usiyoipata kwenye mshahara. Wapolandi na Wahungari wengi walichukua mikopo ya nyumba kwa faranga ya Uswisi kwa sababu riba ilikuwa ndogo. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi ikaacha kuizuia faranga isipande, na ikaruka siku hiyohiyo. Wapolandi waliokuwa bado na mikopo hiyo waliamka na deni kubwa kuliko walilolala nalo, huku mshahara ukiwa uleule. Mgeni anayelipwa dola na kukopa kwa euro yuko kwenye hali hiyo hiyo. Tarajia pia kutoa fedha nyingi zaidi mkononi: benki za Hispania kwa kawaida humkopesha asiye mkazi asilimia 60 hadi 70 ya thamani, wakati mkazi hufikia 80.

Nchi nyingine hukamata fedha yako siku ya kuuza, kabla hujaiona. Hispania, muuzaji asiye mkazi hukatwa asilimia 3 ya bei na mnunuzi, ikapelekwa kwa mamlaka ya kodi. Marekani ni asilimia 15 kwa muuzaji mgeni, isipokuwa penye msamaha. Unaweza kudai kilichozidi, lakini kwa fomu na kwa subira, kwa hiyo usipange kununua nyumba nyingine kwa fedha hiyo mwezi huohuo. Afrika Kusini, hakikisha hati ya nyumba imepigwa muhuri wa asiye mkazi na kumbukumbu za fedha kuingia kutoka nje zimetunzwa. Ndiyo njia ya kuitoa tena.

Mirathi watu huikwepa. Tangu 17 Agosti 2015, kwa nchi za Umoja wa Ulaya isipokuwa Denmark na Ireland, unaweza kuandika kwenye wosia kwamba mirathi yako ifuate sheria ya nchi ya uraia wako. Usipoandika, kwa kawaida hufuatwa sheria ya mahali ulipoishi, na mtoto au mwenzi anaweza kukuta mgao asioutarajia. Marekani, mgeni asiye na makazi ya kudumu huko ana msamaha wa kodi ya mirathi wa dola 60,000 tu kwa mali yake iliyo nchini humo, labda mkataba wa kodi kati ya nchi mbili useme vingine. Andika wosia wa nchi ilipo nyumba, na wakili wa kila upande auone wa mwenzake, usije ukaufuta mmoja kwa kusaini mwingine.

Lililobaki ni la siku ya malipo. Wezi huingia kwenye barua pepe za mawakili na madalali, wakasoma mazungumzo yote kimya, kisha siku mbili kabla ya kukamilisha wakatuma ujumbe wenye nembo na saini ileile: akaunti yetu imebadilika, tumia hii. Namba ya simu iliyo chini ya ujumbe huo nayo ni yao. Chukua namba ya akaunti mkutanoni, ana kwa ana, mapema. Ukipata mabadiliko yoyote, piga simu kwa namba uliyoichukua mwenyewe siku ya kwanza. Tuma kiasi kidogo, wakili athibitishe kwa sauti yake kwamba kimefika, ndipo utume kilichobaki.